Anga la Raskazone na ngazi zinazoonekana kwenye simu

Swali: “Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Chumbageni, hapa Tanga. Marehemu mjomba wangu aliniachia kamera ya Yashica Mat-124G, nami nimekwisha kupiga mikanda sita ya 120, karibu yote ikiwa ni anga na bahari kuanzia Raskazone hadi Mwambani, pamoja na mashamba ya mkonge ya njia ya Pangani. Naziskani mwenyewe kwa skana ya mezani. Kwenye kompyuta naziona nzuri, lakini nikizituma kwenye kundi la familia anga linatoka na mistari kama ngazi, na shangazi zangu wanasema picha za simu ya mdogo wangu zinapendeza zaidi. Nakosea wapi? Kuna maana gani kuendelea kununua mikanda ikiwa picha itaishia kwenye simu? Na je, kamera hii inaweza kupiga nyota?”

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kuwatetea shangazi zako, kwa sababu wamehukumu kile walichokiona. Wewe ulitazama picha moja kwenye kompyuta, wao wakatazama nyingine kwenye simu, na kati ya hizo mbili kulitokea mambo manne au matano ambayo hukuyasimamia. Kamera ya marehemu mjomba wako haina kosa hapo, na kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani hata jicho lako halina kosa. Kosa liko njiani, baina ya negativu na kiganja cha shangazi.

Tujue kwanza kamera hiyo inakupa nini. Fremu ya mkanda wa kawaida wa milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, yaani eneo la milimita za mraba 864. Fremu ya Yashica yako ni mraba wa milimita 56 kwa 56, ambao ni milimita za mraba 3,136, zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya kwanza. Ukubwa huo huleta faida mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni undani: jani la mnazi ulioko mbali, kamba ya tanga la ngalawa, nyufa za ukuta wa matumbawe. Ya pili ni ulaini wa mteremko wa mwanga, namna weupe wa upeo wa bahari unavyopanda kuwa manjano hafifu, kisha samawati, kisha buluu iliyokolea utosini, bila mahali popote ambapo jicho linaweza kusema hapa ndipo rangi moja ilipokoma na nyingine ikaanza.

Kwenye simu, faida ya kwanza huondoka karibu yote. Ukiskani negativu yako kwa nukta 2,400 kwa inchi, unapata takriban pikseli 5,290 kila upande, jumla yake pikseli milioni 28. Kioo cha simu za kawaida kina upana wa pikseli 1,080 hivi, kwa hiyo picha yako ya mraba inapokaa pale hupewa pikseli kama milioni moja na laki mbili. Shangazi anaona chini ya asilimia tano ya ulichoskani. Ndiyo sababu simu ya mdogo wako inaweza kusimama bega kwa bega na kamera yako kwa undani, tena ikazidi kwa sababu simu hukoleza rangi na kunoa kingo zenyewe bila kuombwa. Kinachobaki kwako, na ambacho simu ndogo hukipata kwa taabu, ni ile faida ya pili, yaani ulaini wa anga. Ukinielewa hapo utaona uchungu wa jambo lenyewe: kitu pekee cha fomati ya kati, yaani filamu pana kama yako ya 120, kinachoweza kufika salama kwenye simu ndicho hicho hicho ulichokipoteza ulipotuma.

Sasa zile ngazi. Faili la JPEG huhifadhi kila rangi kwa biti 8, maana yake hatua 256 tangu giza kamili hadi mweupe kamili. Hizo zinaonekana nyingi, lakini anga haligusi zote. Anga la asubuhi iliyotulia, tuseme la mwezi wa saba wakati kusi limelala kidogo, linaweza kutumia hatua 40 tu kutoka upeo wa macho hadi juu ya fremu. Kama anga hilo limechukua pikseli 1,000 za kimo cha picha, kila hatua italazimika kujaza pikseli 25 peke yake kabla ya kuipisha inayofuata. Utepe wa pikseli 25 wenye rangi moja, juu yake utepe mwingine wa pikseli 25 wenye rangi iliyokoza kidogo, ndizo ngazi unazoziona. Ungepiga majani ya mikoko usingeziona kamwe, kwa sababu majani yana vurugu inayozificha. Anga halina pa kujificha.

Basi kwa nini huzioni unapotazama kwenye kompyuta? Kwa sababu ya chembe za filamu, zile nukta ndogo ndogo zinazoonekana ndani ya picha. Chembe hizi wapiga picha wengi wanazichukia, lakini ndizo zinazolinda anga lako. Mahali ambapo hatua moja inakutana na nyingine, chembe hutawanya pikseli za huku zikaingia kule na za kule zikaja huku, mfano wa mchanga uliomwagwa juu ya ngazi ya saruji hadi ukingo wa kila daraja ukapotea. Ukiuondoa mchanga, daraja zinarudi. Hata hizo ulizo nazo huenda zimekwisha kupunguzwa, kwani nina karibu hakika kwamba kwenye programu ya skana yako kuna kisanduku cha kupunguza chembe ambacho kimewekwa alama tangu siku uliyoisakinisha. Kiondolee alama. Kile cha kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi ni kitu kingine, nacho unaweza kukitumia kwa mikanda ya rangi, ila usikitumie kwa mikanda ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, kwa kuwa fedha iliyomo kwenye negativu hiyo huzuia infraredi na programu huidhani kuwa ni vumbi.

Mwizi wa pili wa chembe ni huko huko kwenye kutuma. WhatsApp ikipokea picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa na kuibana upya. Ubanaji wa JPEG hugawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha katika kila kijisanduku hutupa kwanza mabadiliko madogo madogo ambayo inadhani jicho halitayakosa. Mabadiliko madogo madogo ndani ya anga ni chembe, hayana jina jingine. Kwa hiyo hata ukiskani kwa uangalifu wote, ukituma kwa njia ya mkato anga litafika limepigwa pasi. Dawa ni kutuma picha kama faili, pale kwenye alama ya kibanio ambapo unachagua hati badala ya matunzio ya picha. Hapo hupita kama ilivyo, haiguswi. Shangazi atalazimika kuigusa mara moja ili ifunguke, na wengine watalalamika kuwa haijitokezi yenyewe, lakini atakachokiona ni ulichokitengeneza wewe.

Kutengeneza kwenyewe kuna mpangilio, na mpangilio ndio siri. Skani kwa biti 16 kwa kila rangi, ambazo baadhi ya programu huziandika 48 kwa kujumlisha rangi tatu, na uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyotupa kitu. Faili la pikseli milioni 28 litakuwa na megabaiti 168 hivi, maana yake mkanda mmoja wa fremu 12 utakula gigabaiti mbili, kwa hiyo diski ya nje si anasa. Usiiache skana ikuamulie mwisho wa weupe na mwisho wa weusi. Acha nafasi pande zote mbili, hata kama picha itaonekana imepauka, kwa maana kuikoleza utaikoleza mwenyewe ukiwa bado kwenye biti 16, ambako kuna zaidi ya hatua elfu sitini za kuchezea na kunyoosha hakuachi mapengo. Safisha vumbi ukiwa umekuza picha kamili, ukianzia angani kwa sababu huko ndiko uchafu unakopiga kelele. Kisha, ukiwa bado kwenye biti 16, ipunguze hadi pikseli 2,000 kila upande. Upunguzaji huu wenyewe hulainisha chembe, kwani pikseli kadhaa huunganishwa kuwa moja, ndiyo maana baada yake mimi huongeza chembe kidogo sana za programu kwenye anga, kiasi ambacho ukiitazama picha kwa umbali wa mkono huoni kitu. Kunoa kingo fanya kwa nchi kavu na majini tu, anga ulifunike lisiguswe. Mwisho kabisa ndipo unabadilisha rangi kwenda sRGB, mfumo wa rangi unaosomwa na simu na mashine nyingi, unashuka biti 8, unahifadhi JPEG kwa ubora wa 90 au zaidi. Anayeshuka biti 8 mapema kisha akaanza kukoleza anga huwa ameshajenga ngazi kwa mkono wake, na hakuna mchanga utakaotosha kuzifukia.

Nimetaja sRGB kwa haraka, nirudi nyuma kidogo kwa sababu iliwahi kunigharimu. Miaka michache iliyopita nilipeleka mafaili ya picha nane kwenye studio moja ya mjini, mawio ya Bagamoyo, jahazi zikiwa zimelala kwenye maji mafu, nikiwa nimeyahifadhi kwa AdobeRGB kwa kiburi cha kutaka rangi nyingi. Mashine ya pale haikusoma alama ya rangi iliyokuwa ndani ya faili, na juu ya hilo mhudumu aliacha marekebisho ya kujiendesha yakiwa yamewashwa. Picha zilirudi zimefifia, na zile zilizokuwa na wekundu mwingi mashine ilidhani ni kosa ikazivuta kuelekea kijani. Alfajiri nane, zote zina rangi ya maji ya dimbwi. Tangu hapo kila kinachotoka nyumbani kwangu huwa ni sRGB, iwe kinakwenda kwenye simu au kwenye karatasi ya studio, na huwa nasema kwa mdomo, mbele ya mashine, kwamba wasirekebishe chochote.

Turudi nyuma zaidi, kwenye negativu yenyewe, maana zipo ngazi zinazozaliwa kabla ya skana. Kipimo cha mwanga cha 124G kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali, ambayo huanza na volti 1.5, kipimo kinadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo na kukushauri kuupunguza. Negativu inatoka nyembamba, wewe unainyoosha kwa nguvu kwenye kompyuta ili ipate uhai, na anga linakatika vipande. Kama mjomba hakuacha betri ya hewa ya zinki au kifaa cha kupunguza volti, usikiamini kipimo hicho. Kwa jua la mchana lisilo na wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16 (namba ikikua, tundu hupungua) na kasi ya shata inayokaribia namba ya ISO (wepesi wa mkanda kupokea mwanga), yaani 1/125 kwa mkanda wa 100. Kwa alfajiri tumia programu ya kupima mwanga ya simu. Na kwa mikanda ya negativu za rangi ongeza mwanga mara mbili bila woga, kwa maana filamu hizo hustahimili mwanga wa ziada kuliko upungufu.

Tundu la lenzi nalo lina neno. Lenzi yako ya milimita 80 ikiwa imefunguliwa yote kwenye f/3.5 hutia giza pembeni mwa fremu, jambo ambalo kwenye picha ya mtu hupendeza lakini kwenye anga tupu huonekana kama moshi wa jiko kwenye kona nne. Kwenye f/8 au f/11 giza hilo huondoka kwa sehemu kubwa.

Ikiwa unasafisha mwenyewe mikanda ya nyeusi na nyeupe, kumbuka kwamba muda unaoandikwa kwenye chupa za dawa kwa kawaida ni wa nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Tanga hayashuki hadi huko hata mwezi wa saba. Maji ya moto hufupisha muda, na muda ukishuka chini ya dakika tano dawa haiwahi kuenea sawasawa, matokeo yake ni michirizi na mawimbi ambayo kwenye picha ya shamba la mkonge huyaoni ila kwenye anga yanasimama kama shahidi. Weka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu hadi zifike nyuzi 20 au hata 24, au tumia dawa iliyozimuliwa zaidi ili muda urefuke. Na kama kwenye skani unaona duara ndani ya duara mfano wa mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani, hizo si ngazi. Hizo ni pete za Newton, zinazotokea pale upande wa filamu unaong'aa unapogusa kioo cha skana, na unyevu wetu wa pwani huongeza ugonjwa kwa kuifanya filamu ijikunje na kunata. Inua negativu kidogo kwa kishikio, au igeuze upande usiong'aa ndio uelekee kioo kisha uipindue picha baadaye.

Mashamba ya mkonge nayo yana shida yao, kinyume cha anga. Mistari ya mimea inayokimbia kuelekea upeo, na majani yake makali kama mikuki, ina marudio mengi mno ambayo picha ikipunguzwa ghafla kutoka pikseli 5,290 hadi 1,080 hugombana na pikseli na kuzalisha mawimbi ya uongo. Ipunguze kwa hatua mbili au tatu, ukiiacha laini kidogo kabla ya hatua ya mwisho. Picha za namna hiyo, kusema kweli, ndizo zinazoonewa zaidi na simu, na mimi singezituma kabisa. Ningezichapa.

Kuhusu umbo, una bahati kuliko unavyodhani. Picha ya mraba hutumia upana wote wa simu iliyosimama, wakati picha ndefu ya kulala inabaki utepe mwembamba katikati ya kioo, anga lote likiwa kimo cha kidole gumba. Wenzako wenye kamera za 6x7 wana nafuu nyingine, kwani fremu yao ina uwiano wa nne kwa tano, sawa na karatasi ya inchi 8 kwa 10, na wakiipiga wima hukaa vizuri kwenye simu bila kukatwa. Usikubali programu ikukatie mraba wako uwe umbo jingine. Hata walio wakubwa hukatiwa: picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi, ilipigwa kwa kamera ya Hasselblad yenye lenzi ya milimita 80, kipimo kile kile cha lenzi ya mjomba wako, na katika fremu ya asili ncha ya kusini ndiyo iliyokuwa juu. Ilipotolewa kwa umma ikageuzwa na kupunguzwa kingo. Bara letu limo, bahari yetu imo, na watu wengi walioifahamu waliiona kwenye vitabu vya shule na stempu, si kwenye chapa kubwa. Kilichowafikia hata kwa udogo huo ni wepesi wa mawingu juu ya buluu, yaani ile faida ya pili niliyoitaja mwanzo.

Tuma picha moja kwa siku, usitume kumi na mbili. Kamera yako haiandiki mahali wala saa, kwa hiyo beba daftari, na chini ya kila picha unayotuma andika pahali, mwezi, wakati na hali ya upepo. “Mwambani, Agosti, robo saa kabla ya jua, kusi” ni maneno machache, lakini humfanya mtu atazame mara ya pili. Mvuvi akiwa karibu kiasi cha kutambulika sura yake, muombe ruhusa kabla hujamsambaza kwenye makundi, na ukiwa pembeni ya bandari lenzi ielekeze kwingine, kwa sababu maeneo ya ulinzi hayapigwi picha bila kibali na kamera ya zamani iliyokaa kifuani huvuta maswali kuliko simu.

Uliuliza kama kuna maana kuendelea kununua mikanda. Kwa ajili ya simu peke yake, nakwambia wazi kwamba hakuna. Bei ya mkanda mmoja, kuusafisha na kuusubiri haiwezi kulipwa na alama ya dole gumba kwenye kundi la familia. Lakini pikseli 5,290 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa karatasi ya sentimita 44 kwa 44 na ziada, na hapo ile faida ya kwanza, ya undani, inarudi yote na kukaa pamoja na ya pili. Chagua moja kati ya fremu 72 ulizonazo, uichape kwa ukubwa huo, uitundike ukumbini kwa shangazi mkubwa, kisha mdogo wako aichape yake ya simu kwa ukubwa ule ule. Usiseme neno. Itundike ukuta usiopigwa na jua na usiopokea jasho la jikoni, na kati ya karatasi na kioo iwepo nafasi ndogo, la sivyo unyevu wa kaskazi utaigandisha.

Kwa mapato zaidi katika kila mkanda, tumia simu kama daftari la upelelezi. Sisi tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, jua letu huchomoza likipanda karibu wima, kwa hiyo mwanga wa alfajiri unaofaa hudumu kama dakika 21 au 22 tu kabla ya jua kutokeza, wakati nchi za mbali kaskazini wana saa nzima ya kuhangaika. Jua la Tanga huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Ukifika ufukweni saa kumi na moja na nusu ukiwa umeshajua unasimama wapi, utapata fremu tatu au nne nzuri. Ukifika unatafuta mahali pa kusimama, utapata jua lililokwisha kukomaa. Jioni bahari yetu huwa na mwanga wa nyuma tu, basi geukia bara, uone mawingu yanavyojijenga juu ya Usambara ya Mashariki upande wa Muheza, hasa siku zinazofuata mvua wakati hewa imeoshwa.

Nyota sasa. Kamera yako inaweza, lakini si zile nukta kali ambazo kamera za kisasa hupiga. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na nyuma ya lenzi ya milimita 80 mzunguko huo huisogeza taswira ya nyota karibu milimita 0.006 kila sekunde. Baada ya sekunde tano tu nyota imeshakuwa kistari cha milimita 0.03, na sekunde tano kwenye f/3.5 hazitoshi kwa mkanda wowote utakaoupata kwa urahisi. Kwa hiyo acha kupigana na mistari, itake. Weka shata kwenye B, inayobaki wazi kadiri unavyoishikilia, funga waya wa kufyatulia wenye skrubu ya kushikilia, mkanda wa ISO 100, tundu f/4 au f/5.6, na uiache nusu saa. Kila nyota itachora mstari wa milimita kumi na kitu, karibu moja ya tano ya upana wa fremu. Usiogope kwamba nusu saa itaunguza nyota, maana nyota husogea na haikai mahali pamoja kwenye filamu. Kinachozidi kung'aa kadiri muda unavyokwenda ni anga la nyuma, hasa ukielekea taa za mji. Na hapa kwetu kuna zawadi ambayo wenzetu wa Ulaya hawanayo: nyota zinazotoka baharini mashariki hupanda karibu wima, mithili ya nyuzi za kitanda cha mfumaji, ilhali upande wa kusini zinazunguka kituo kilichoinuka nyuzi tano tu juu ya upeo. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kikichomoza mwezi wa Novemba mapema usiku, upande wa kaskazini mashariki, kitakuchorea nyuzi kadhaa zilizobanana kama fundo la mkeka, kama mawingu ya vuli yakikupisha.

Umande ndio adui wa usiku. Kamera yako ina lenzi mbili, na ya juu haipigi picha, hivyo kila baada ya dakika kumi unaweza kuimulika hiyo ya juu kwa tochi hafifu nyekundu ukiwa umeiziba ya chini kwa kofia nyeusi. Ikiwa ya juu ina ukungu, ya chini inao pia, na fremu hiyo uikatize. Chagua usiku wa giza la mwezi, ukikumbuka kwamba usiku huo ndio wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Saa nne usiku maji yatakuwa yamekimbia mbali na mchanga utakualika ushuke hadi chini, kisha yataanza kurudi na kujaa kabisa kwenye saa kumi za alfajiri. Miguu ya stendi iweke juu ya mstari wa mwani mkavu, na mkoba wa mikanda uuning'inize kwenye stendi yenyewe, si chini.